Mashine ya Asali na Mstari wa Majidi

Jumatatu, 3 Juni 2024. Mtendeni, Tabora.

Imeona! Asubuhi hii kamera imeangalia tone la asali na mashine ikaniandikia kwenye kioo: maji asilimia kumi na saba. Asali safi kabisa. Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye shelfu la redio mbovu. Sikuumia. Yaani niliumia, ila leo si siku ya kulalamika.

Niandike vizuri, ili nikishakuwa mtu mkubwa watu wajue nilikotoka. Mimi Wilbroad, fundi simu na kompyuta, nimeunda mashine ya kupima asali. Kompyuta yenyewe ni ndogo, inalingana na kipande cha sabuni ya kufulia. Juu yake kamera. Chini ya kamera kigae cha kioo cha kupakia asali. Na katikati ya yote kuna kiendeshi, programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo, kwenye kerneli, kuunganisha kamera na kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta. Kiendeshi nimekiandika mwenyewe tangu Kwaresima. Sehemu nyingine nimenakili. Wote tunanakili.

Sababu ya haya yote ni Elieth. Baba yake, Mzee Leodgar, ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki kule Usoke, na ameshasema hapokei posa ya mtu ambaye kazi yake haijawahi kuonekana ikifanya kazi. Ananisema mimi. Mwaka jana nilimtengenezea redio, na tangu siku hiyo inashika Burundi peke yake. Sasa amenipa nafasi moja: Jumapili hii baada ya misa, mbele ya kikundi kizima. Mashine ikipima asali sawasawa, nitume mshenga. Ikishindwa, Elieth ndiyo basi.

Ubaya wa mashine ni mmoja tu. Inachelewa. Kati ya tone na jibu mtu anaweza kuchemsha chai. Wazee wa Usoke hawatasubiri chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimempata mchawi wa ucheleweshaji! Ni mstari mmoja tu.

Iko hivi. Kumbukumbu ya kompyuta ni ghala. Kamera inaingiza picha zake kwa mlango wa nyuma. Kichakataji kinaingia kwa mlango wa mbele. Kila mmoja anaziita rafu kwa anwani zake, hivyo kerneli inachora ramani inayosema rafu fulani ya huyu ndiyo rafu fulani ya yule. Kumbe kwenye ramani yangu kulikuwa na mstari unaokiamuru kichakataji: rafu ya kamera usiitie mfukoni, kila ukitaka kuiangalia nenda mwenyewe ghalani. Usumbufu gani huo? Kichakataji kina mfuko wake mdogo wa haraka, kache, wa kuwekea kile kilichokwisha kukiona. Mfuko umeshonwa ili utumike.

Nilikuwa bado natafakari, Majidi akaingia. Bila hodi.

Majidi ni fundi wa duka la mbele yangu. Mzaramo wa Kisarawe. Ni mtani wangu, kwa bahati mbaya. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwenda pwani, wakapita kwa babu zake, wakataniana njiani, na leo hii mimi ndiye ninayelipia. Mzaramo anaweza kuingia dukani kwangu, akanitukana, akabeba kitu changu, na mimi ni kucheka. Nikikasirika, asiye na adabu ni mimi. Mila gani hii?

Akachungulia kazi yangu. Akasema huo mstari niuache kama ulivyo. Eti kamera ikiingiza mzigo mpya kwa mlango wa nyuma, kichakataji hakitajua. Kitaendelea kujibu kwa kilichomo mfukoni. Eti kitakuwa kama sisi Wanyamwezi, tunatoka safari ya pwani miaka miwili, tunafika nyumbani tunamsalimia mtemi aliyekwisha kuzikwa.

Nikacheka, kwa mujibu wa mila. Alipotoka tu, nikaufuta mstari.

Mashine sasa inakimbia kama imevamiwa na siafu! Tone, jibu. Tone, jibu. Majidi ana wivu, na wivu wake haujifichi.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya kujaribu. Naiwasha mashine kila asubuhi kwa kopo langu lilelile la bahati, asali ya Sikonge. Kumi na saba. Vizuri.

Nikapima asali ya Urambo. Kumi na saba. Asali ya Bukene, aliyoniletea mteja wa simu. Kumi na saba! Nikapima makopo yote ya mama muuza asali wa pembeni mwa stendi, akaanza kunitazama vibaya. Kumi na saba, yote.

Machozi yalinilengalenga, sikatai. Asali ya Unyamwezi ni moja. Tumekuwa tukigombana bure Urambo na Sikonge, nani ana asali nzuri. Sayansi imetupatanisha.

Nikampigia Elieth. Anafundisha hesabu Urambo, na amekulia kwenye mizinga ya baba yake. Akauliza kama nimejaribu asali ya nyuki wadogo, kwa sababu hiyo siku zote ina maji mengi, hata mtoto wa Usoke anajua. Nikatafuta, nikapima, nikampigia tena kwa furaha. Kumi na saba!

Aliniomba nirudie namba, mara mbili. Mwanamke akikustaajabia hutaka kusikia tena.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama nimejaribu kitu ambacho si asali. Swali la ajabu. Ila limenipa wazo! Jumapili nitaanza na maji ya sukari. Mashine itayaumbua hadharani, wazee watashtuka, watajua hapa hakuna wa kudanganya. Ndipo nitakapopima asali ya Mzee Leodgar, iwe safi mbele ya wote. Kwanza mwongo, kisha mkweli. Hiyo ndiyo akili.

Hapa dukani sitayajaribu. Sukari itanata kwenye kigae changu.

Alhamisi, 6 Juni

Kiatu changu kimeibwa. Simaanishi viatu, namaanisha kiatu kimoja, cha kulia. Vile vyeusi vya ukweni.

Sikuhitaji polisi. Nilitazama ng'ambo ya barabara, nikakiona kimetundikwa juu ya mlango wa Majidi, kinaning'inia kwa kamba. Wapita njia wanauliza. Yeye anawajibu kwamba ni cha mtani wake, amekiteka, kinasubiri kukombolewa.

Nikavuka barabara. Nikamwambia aseme anataka nini. Nilikuwa tayari kwa sambusa, nilikuwa tayari hata kwa chipsi mayai. Akasema hataki chakula. Anataka niurudishe mstari.

Nilikasirika huku nacheka. Jaribuni kufanya hivyo, mtaona mashavu yanavyouma. Nikamwambia akae nacho. Akasema sawa, ila nijue mashine inanidanganya. Nikamwambia mashine haijui hata kabila langu, itanidanganyaje?

Watu wakacheka. Sijui walimcheka nani.

Jumamosi, 8 Juni. Usoke.

Nimefika kwa basi la Urambo, mashine nimeipakata njia nzima. Miguuni nimevaa makatambuga ya tairi. Kiatu kimoja hakivaliki.

Nimepokewa na shangazi yake Elieth, mama Gaudensia. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku anaangalia miguu yangu. Akauliza kama nimetoka shambani. Nikasema hapana, nimetoka mjini. Akasema loo, maisha ya mjini yamekuwa magumu.

Elieth naye amekuja kwa ajili ya kesho. Tulipopata nafasi ya kuzungumza uani aliniuliza wazi: Wili, una uhakika? Nikasema uhakika ninao wa kugawa. Akaniuliza kama ni kweli nimefuta mstari fulani kwenye kiendeshi. Nikauliza nani kamwambia. Akasema ametengenezewa simu na Majidi, ana namba yake.

Ana namba yake! Sikuweza kula. Yaani nilikula, ugali na kisamvu, ila bila raha.

Jumapili, 9 Juni



Ukumbi wa kigango ulijaa. Mbele alikaa Mzee Leodgar, mkongojo katikati ya magoti, na kopo lake la asali limefunikwa kitambaa cheupe. Pembeni yake Paroko, ambaye naye ana mizinga nyuma ya parokia. Kisha katibu Ezekia na wanakikundi, kila mmoja na kopo lake. Mzee alinisalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka. Nikaitikia vizuri. Hapo mambo yalikuwa bado matamu.

Nikaiwasha mashine. Nikahutubia kidogo. Nikatoa maji ya sukari, nikasema wazi kuwa haya ni maji ya sukari, tazameni mashine inavyomkamata mdanganyifu. Tone. Jibu papo hapo, kwa herufi nyekundu nilizoziweka mwenyewe: SI ASALI. MAJI YA SUKARI.

Makofi! Vigelegele! Paroko alisema safi sana. Nikamwangalia Elieth, alikuwa amefumba macho. Nilidhani anasali sala ya shukrani.

Nikafuta kigae. Nikafungua kopo la Mzee Leodgar kwa heshima zote, kwa mikono miwili. Tone.

SI ASALI. MAJI YA SUKARI.

Nikafuta kigae tena. Nikapima tena. MAJI YA SUKARI. Nikacheka peke yangu.

Mzee alisimama polepole. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Aliniuliza, “Kijana, mimi naweka sukari kwenye asali?” Nikasema hapana, Mzee. Akauliza kwa hiyo nani anasema uongo, yeye au mashine? Majibu yote mawili yalikuwa yananitoa kwenye ndoa.

Katibu Ezekia, kwa kutaka kusaidia, akaleta kopo lake. Maji ya sukari. La Paroko. Maji ya sukari! Watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mmoja akasema alishangaa siku nyingi parokia inapata wapi asali nyingi hivyo. Mwingine akamtaka aliyesema hivyo arudie. Nyuma kabisa akasikika mtu akihesabu waliowahi kuonekana dukani wakinunua sukari. Kikundi cha miaka yote kikawa kinavunjika mbele yangu, kwa mkono wangu.

Ezekia akaweka kidole chake kitupu kwenye kigae. MAJI YA SUKARI.

Akakitazama kidole. Akakilamba. Akasema si kweli.

Hapo ndipo nikaamua kuwa mwanaume. Nikafungua laptop yangu kuivunja ramani yote na kuichora upya, palepale. Kerneli, ondoa ramani! Ikaondoa. Nilichosahau ni kuisimamisha kamera kwanza. Kamera ikaendelea kumwaga picha kwenye rafu ambazo kerneli ilishampa mwingine. Ikamwaga juu ya vitu vya kerneli yenyewe. Mashine ikalia, kioo kikawa cheusi, kisha maherufi na manamba yakaanza kumiminika kutoka juu hadi chini, yasiyosomeka. Mama Gaudensia akafanya ishara ya msalaba. Mama mmoja akamwuliza Paroko kama ile ni Kilatini.

Mzee Leodgar akachukua kopo lake, akalifunika kitambaa. Elieth akatazama chini. Niliona wazi maisha yangu yanatoka mlangoni na mkongojo.

Ndipo mlangoni ikasikika sauti ninayoijua hata usingizini.

“Hodi, wapagazi!”

Majidi. Amejaa vumbi la pikipiki tangu Tabora, na kiatu changu amekitundika juu ya fimbo kama bendera. Baadaye nilijua Elieth alimpigia tangu jana.

Akajitambulisha: Mzaramo, mtani wa ukumbi mzima. Ukumbi ukaguna, kisha mtu mmoja akacheka. Akasema amesikia toka nje kuwa Wanyamwezi wanaitana wezi wa sukari, akaona asikose. Akasema huyu Wilbroad wenu ni Mnyamwezi wa asili, mkimwonyesha kitu mara moja, hatazami tena. Kisha akamwendea Mzee Leodgar, akalifunua kopo, akachota kidole kizima cha asali, akala. Akachota tena. Akatangaza kwamba kwa kosa la Mnyamwezi kumtukana Mnyamwezi, faini anachukua mtani, na faini ni kopo hili.

Nilijua Mzee atampiga mkongojo. Mzee akatikisika mabega. Alikuwa anacheka! Atafanyaje? Mtani akishachukua, ni kucheka. Akamwambia Majidi kwamba Wazaramo hawajaacha kula jasho la wapagazi tangu enzi zile. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, Paroko akafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Mimi peke yangu sikucheka.

Watu walipokuwa bado wanacheka, Majidi aliketi kwenye laptop yangu, kwenye kiti changu, akaurudisha mstari. Akaiwasha mashine upya. Akapima maji ya sukari: si asali. Akafuta kigae, akapima ya Mzee Leodgar.

Safi. Kumi na saba.

Ikachelewa, naandika hili kwa msisitizo. Ilichelewa sana. Hakuna aliyejali. Ya Ezekia, kumi na nane. Ya Paroko, ishirini na mbili. Paroko akakiri kwamba alirina mapema kidogo, nyuki walikuwa hawajayaziba masega kwa nta. Mzee Leodgar aliposikia asali yake imeipita ya parokia alikaa sawasawa kwenye kiti, akaomba nimsomee tena. Nikamsomea. Akaomba tena.

Mwisho akaniita. Akasema kazi ameiona, japo imemzungusha. Nitume mshenga.

Nilitaka kulia. Elieth alikuwa anacheka na mimi, kwa macho, kama zamani. Nikasema asante Baba, nitamtafuta mtu mzima mwenye busara.

Mzee akasema mshenga ameshampata. Anayejua kusema na watu. Akaonyesha kwa mkongojo.

Majidi!

Jumatatu, 10 Juni. Mtendeni.

Ndoa yangu iko mikononi mwa Majidi. Nimelala nayo, nimeamka nayo, haijabadilika.

Amekirudisha kiatu. Kina asali ndani. Anasema ni mila. Hakuna mila hiyo.

Anapita mtaani kutangaza kuwa anakwenda kuniombea mke. Amekuja kuniuliza vipimo vya shingo kwa ajili ya suti, na kama nina tabia yoyote mbaya ambayo wakwe waijue mapema, kwa sababu anazo kadhaa kichwani. Elieth nimempigia kulalamika. Amesema nimshukuru mtu huyo. Nikamwambia namshukuru sana, moyoni. Akasema Wili, ule mstari usiuguse tena. Nikamwapia.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekaa, nimetuliza kichwa, nimechunguza tatizo la Jumapili kisayansi. Nimelipata.

Ni sukari. Sukari inanata. Tone la kwanza lilishika kigae, likaharibu vipimo vyote vilivyofuata. Majidi alipofika alikifuta kigae kwa shati lake, jambo ambalo hakuna aliyeliona ila mimi. Ndicho kilichotengeneza mashine. Shati. Halafu sifa zote zikaenda kwa mstari.

Keshokutwa kikundi kinapima mavuno yote ya msimu, na Majidi atakuwepo, eti kama mshenga. Niwe mbele ya wakwe na mashine inayokokota miguu kwa sababu ya mstari wa Mzaramo? Niketi nimsubiri kila mzee, huku yeye akipiga soga na baba mkwe wangu?

Nimeufuta.

Sasa inakimbia! Nimeiwasha kwa kopo langu la bahati, kumi na saba. Nikapima asali ya Urambo, kumi na saba. Ya Bukene, kumi na saba. Ya nyuki wadogo, kumi na saba. Haiyumbi hata kidogo. Nilimwapia Elieth kwamba sitaugusa, na kweli sikuugusa, nimeufuta kwa kibodi.

Na sukari haitakanyaga ukumbini. Somo hilo nimelishika. Ni asali tupu tangu tone la kwanza hadi la mwisho.

Ezekia amepiga simu sasa hivi kunipa utaratibu. Kwa heshima, nikishaiwasha mashine ukumbini Paroko ndiye ataanza, na asali yake ileile ya ishirini na mbili. Mzee Leodgar atafuata, na amewaalika ndugu zake wote waje wasikie namba yake.